Jina la Mtoro

Mimi huchelewa kuitika. Mtu akiniita kwa jina lililo kwenye vyeti vyangu, kinapita kitambo kidogo kabla sijageuka, na katika kitambo hicho huwa nachungulia kwanza kama yupo mwingine atakayeitika. Walimu wenzangu hapa Biharamulo wananitania kwamba nina masikio mazito. Mkuu wa shule aliwahi kunishauri, kwa nia njema kabisa, nikapimwe hospitali. Masikio yangu ni mazima. Jina ndilo si langu.

Sitalitaja hapa, wala sitalitaja lile nililobatizwa nalo. Nitasimulia tu nilivyolipata, nilivyolibeba kutoka darasa la saba hadi chuo kikuu, na siku mwenyewe alipokuja akanikuta nimelikalia. Nimejaribu kuandika haya mara tatu, na mara zote tatu nimeinuka katikati kwenda kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Leo nimeamua uwanja ubaki na majani yake.

Nilizaliwa Nyamiaga, wilaya ya Ngara. Baba ni mkulima wa migomba na maharage, Mkatoliki wa kushika kila sikukuu, mtu asiyependa kushindwa hata kwenye kubishana bei ya chumvi. Nyumbani tulisema Kihangaza. Kiswahili nilikikuta shuleni, darasa la awali, siku ya kwanza, kikitoka kwa mwalimu mwenye sweta la kijani. Alituambia tusimame, tukamtazama. Akatuinua mmoja mmoja kwa mkono, akasema tena, na ndivyo nilivyojifunza neno simama. Kukaa tulijifunza kwa njia hiyo hiyo. Niliipenda shule tangu siku hiyo, na nasema hivyo bila aibu, maana yote yaliyofuata yametokana na kupenda huko.

Ukiingia ofisi yoyote ya elimu, ukutani kuna mchoro wa ngazi. Chini kabisa awali, juu yake miaka saba ya msingi, juu yake minne ya sekondari, kisha kidato cha tano na cha sita, halafu chuo kikuu huko kileleni, ambako aliyechora ameweka mtoto mwenye joho anayetabasamu. Siku hizi mitaala inabadilishwa na mchoro utachorwa upya, lakini nina hakika mtoto wa joho atabaki pale pale. Mchoro ule hunikera. Hauonyeshi kwamba kati ya kila ngazi na inayofuata kuna meza, mezani kuna karatasi, na karatasi inataka jina. Akili yako wataiuliza baadaye.

Darasa la saba nilifeli. Hesabu zilinishinda na maarifa ya jamii niliyajibu kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Baba aliyasoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kidole kikifuata kila mstari, na nyuma yake watu walikuwa wanasubiri nafasi. Kaka zangu wawili walikuwa wameishia kwenye ukuta huo huo. Wakati ule aliyefeli hakuruhusiwa kurudia darasa. Kwa lugha ya serikali ulikuwa umehitimu elimu ya msingi. Kwa lugha ya nyumbani ulikuwa umepata jembe lako.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu baba akaniambia nifungashe nguo, naenda kwa shangazi.

Shangazi, dada yake baba, aliolewa upande wa Lukole, kule kulikokuwa na kambi kubwa za wakimbizi nilipokuwa mdogo. Shule ya msingi ya karibu naye ilikuwa na kile tulichokiita nafasi. Kila mtu wa rika langu anajua maana yake. Mwanafunzi ameacha shule, lakini jina lake limebaki kwenye orodha ya watakaofanya mtihani wa la saba. Anatafutwa aliyefeli mwaka uliopita kutoka shule nyingine, anavaa sare, anakaa kwenye dawati la mtoro, anaitika jina la mtoro. Shule haipungukiwi na mtahiniwa, mzazi anapata bahati ya pili. Hakuna aliyeuita utaratibu huu wizi. Tuliuita kurudia kwa jina, na watu wazima waliuzungumzia mbele ya watoto kama wanavyozungumzia kuazimana sufuria.

Mtoro wangu alikuwa msichana wa familia yenye asili ya Burundi, waliokaa na kulima pale kijijini kwa miaka mingi. Walikuwa wamehama mwanzoni mwa mwaka, wote kwa pamoja, na majirani wakasema wamerudi kwao. Ndivyo tulivyozoea kusema juu ya watu wa asili hiyo: wakiondoka, wamerudi kwao. Haikumpitia mtu yeyote akilini kwamba wanaweza kuhama tu, kama sisi tunavyohama, kufuata shamba zuri zaidi. Kwa hiyo mwalimu mkuu alikuwa na hakika mwenye jina yuko ng'ambo ya mpaka na hatalihitaji tena. Na mimi nilikuwa na hakika kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa na hakika.

Shangazi alinifundisha kuitika tukiwa tunatoka kuchota maji. Alikuwa anatembea mbele, ndoo kichwani, halafu ghafla analitamka lile jina bila kugeuka.

"Nipo," nasema.

"Umechelewa. Mwenye jina hafikirii."

Siku ya kwanza mwalimu alipoita majina na mimi nikaitika, darasa zima lilicheka. Walimjua mwenyewe, walikuwa wamekaa naye tangu darasa la kwanza. Mwalimu aligonga meza kwa chaki, akaendelea na jina linalofuata. Kufika wiki ya pili hakuna aliyecheka tena. Msichana niliyekaa naye dawati moja aliniambia tu kwamba mwenzangu huyo alikuwa anajua sana hesabu, kwa hiyo nisimwaibishe. Nikaanza kusoma hesabu kwa hasira, kila siku, mpaka vidole vikaniuma.

Sasa lazima niseme la barua.

Ilikuwa kama mwezi wa tano. Nilibeba madaftari ya darasa kuyapeleka ofisini, nikamkuta mwanamume amesimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu, kofia mkononi, suruali imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Nje kulikuwa na baiskeli. Alikuwa anaongea Kiswahili cha kutafuta neno moja moja.

"Mutoto wangu wanamukatalia huko Biharamulo," alisema. "Wanataka karatasi ya uhamisho. Wanasema bila karatasi hawezi kuingia darasa."

Mwalimu mkuu akamuuliza jina la mtoto. Akalitaja. Nusura niitike.

Mwalimu mkuu alinitazama kwa juu ya bega la yule mzee, akaniambia niweke madaftari nitoke. Nikiwa nje nilimsikia akisema muhuri umepelekwa wilayani, aje wiki ijayo. Nilirudi uwanjani. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilielewa kila kitu. Kama barua ya uhamisho ingeandikwa, jina lingekwenda nayo Biharamulo, na mimi ningerudi Nyamiaga kushika jembe.

Alirudi wiki iliyofuata. Safari hiyo mwalimu mkuu alikuwa kwenye semina. Akarudi tena, akaambiwa mwanaye ana deni la vitabu na vitabu vitafutwe kwanza. Mara ya nne sikumsubiri afike ofisini. Nilikuwa kwenye bomba nachota maji ya kumwagilia miche ya shule nilipomwona anasukuma baiskeli kuja upande wangu. Alinisalimia yeye kwanza, kwa upole, kama anavyosalimiwa mtoto wa mtu.

"Mwanangu, mwalimu mkuu yupo?"

"Hayupo," nikasema.

Alikuwepo. Nilikuwa nimetoka kumpelekea chai. Hakuna aliyenituma kusema nilivyosema, na siwezi kumtupia mzigo huo baba wala shangazi wala mwalimu yeyote. Yule mzee alinishukuru. Aligeuza baiskeli na sikumwona tena.

Mwaka ule nilifaulu. Jina lilibandikwa, la tatu kwa wasichana, na baba alikuja kutoka Nyamiaga kulisoma. Kidole chake kilisimama pale kwa muda mrefu. Aliniambia tulipokuwa njiani kurudi kwa shangazi kwamba jina si kitu, kitu ni kilicho kichwani. Nilitaka sana kumwamini.

Sekondari ya kata ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu. Siku ya kwanza tulikatazwa Kiswahili, tukaambiwa kila somo sasa ni kwa Kiingereza, na nikajikuta tena darasa la awali, namtazama mwalimu mdomo wazi, nangoja mtu aniinue kwa mkono. Nilikariri. Nilikariri usanisinuru, nilikariri sababu za vita ambazo sikujua zilipiganwa wapi. Wenzangu wengi walikata tamaa kidato cha pili na kuanza kuonekana Rusumo, wakiwauzia madereva wa malori ndizi na maji wakati mizigo inasubiri kupitishwa mpakani. Mimi sikuweza kukata tamaa. Hata kukata tamaa kunahitaji mtu awe na utulivu, akae chini. Mimi nilikuwa kama mtu aliyepanda gari bila tiketi. Muda wote naangalia mlango.

Nyumbani jina langu lilibaki lile lile, na kanisani pia. Jumapili padri alinijua kwa jina la ubatizo na nilipokea kipaimara kwa jina hilo. Jumatatu nilivaa jina la pili pamoja na soksi. Wakati mwingine nilikutana njiani na mwanafunzi mwenzangu nikiwa na mama, mwanafunzi ananiita hivi, mama ananiita vile, na mimi katikati nacheka kicheko cha kijinga. Mama hakuwahi kulitamka lile jina. Mpaka leo akilazimika kulitaja husema "lile la shule".

Kidato cha nne walinipiga picha. Mpaka hapo jina lilikuwa limeandikwa tu. Sasa liliwekewa sura yangu, na cheti kilipotoka nilikaa nacho nyuma ya nyumba nikitazama. Nilijua kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma. Nikachaguliwa kidato cha tano, bweni, mkoa mwingine, masomo ya Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kidato cha sita nilipata daraja la pili. Nikaomba chuo kikuu, nikapata ualimu, na hapo ndipo fomu ya mkopo ilipotuumbua.

Fomu ilitaka cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa kilitaka baba. Baba aliye kwenye jina langu alikuwa yule mzee wa baiskeli. Baba aliyenizaa alisimama kando yangu mbele ya hakimu, amevaa koti la misa, akaapa kwamba mimi ni mtoto wa ndugu yake, kwamba ndugu huyo hajulikani alipo, na kwamba yeye ni mlezi tu. Hakimu alimtazama, akanitazama.

"Mnafanana sana," akasema.

"Ni damu moja, mheshimiwa," baba akajibu.

Kiapo kikapigwa muhuri. Tulipotoka nje baba alienda kuosha uso kwenye bomba la mahakama na akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuosha uso. Sikumfuata. Siku ya mahafali, miaka mitatu baadaye, alikuja. Jina lilisomwa kwenye kipaza sauti, langu la shule na nyuma yake la yule mzee, na baba alisimama akampigia makofi mwanamume mwingine.

Nilipata ajira baada ya kusubiri, nikapangiwa sekondari moja hapa Biharamulo. Niliposoma jina la wilaya kwenye tangazo nilitoka nje nikazunguka nyumba. Nilijiambia wilaya ni kubwa. Nilijiambia pia kwamba wale watu huenda walishahama tena, na nikajisikia nikisema, kimoyomoyo, huenda wamerudi kwao. Nilijichukia.

Kila yalipotokea maneno ya uhakiki wa vyeti nilikosa usingizi. Lakini vyeti vyangu vyote vilikuwa halali. Hilo ndilo lililonishangaza: hakuna karatasi hata moja ya kughushi. Mihuri yote ni ya kweli, alama zote nimezipata mwenyewe, na kila cheti kinasema uongo.

Mwaka huu shule yetu ilianzisha masomo ya alasiri kwa waliokatisha masomo: wasichana waliopata ujauzito, vijana waliokimbilia machimbo, watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa maarifa, ule unaochukua nafasi ya kidato cha pili, na baadaye kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Mimi nilipewa kazi ya kuandikisha. Saa tisa, wanafunzi wa kawaida wakishatoka, nilikuwa naweka meza mlangoni mwa darasa na rundo la fomu. Sharti lilikuwa moja: cheti cha darasa la saba.

Siku ya tatu alikuja mwanamke wa rika langu, kitenge cha bluu, daftari jipya kwapani.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Tulikuwa sawa kwa umri, pengine yeye amenizidi kwa miezi. Nikaitikia marahaba kwa sababu ya meza iliyokuwa katikati yetu.

Alieleza kwamba kijijini kwao wanatafuta wahudumu wa afya, watu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwapima watoto na kufuatilia wajawazito. Kazi hiyo yeye alikuwa anaifanya kwa kujitolea miaka minne na kila mtu anamjua. Sasa imekuwa ajira, na ajira inataka kidato cha nne. Amepewa muda, kiongozi wa zahanati amesema atamtetea kama ataonyesha ameanza kusoma.

"Una cheti cha la saba?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo penye shida, mwalimu. Nilihama nikiwa la saba, sikupokelewa huku. Mwezi uliopita nilirudi shule yangu ya zamani, Ngara kule, kuomba hata barua kwamba nilisoma. Walifungua kitabu. Wakaniambia nilimaliza, nilifaulu, nikachaguliwa sekondari. Wakaniambia nilete cheti changu, niache kuwachezea." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuchekwa. "Mimi huo mtihani sijawahi hata kuuona."

Nilishika kalamu. Nilimuuliza jina huku nikitazama fomu, si uso wake. Akalitaja lote, lake na la baba yake, na kwa mara ya kwanza maishani nililisikia likitoka mahali pake. Lilisikika dogo, la kawaida kabisa.

"Baba alienda mara nne kwa baiskeli kufuata uhamisho," akaongeza, ingawa sikumuuliza. "Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Mpaka anakufa alikuwa anasema kosa ni lake, hakujua kuongea na watu wa ofisi."

Hapo nilipaswa kusema. Niliinua kichwa nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Muhuri haupo leo. Njoo wiki ijayo."

Alishukuru. Akaondoka. Mimi nilibaki pale nikiwa nimeshika meza kwa mikono miwili, maana nilikuwa nimejisikia mwenyewe.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Ngara. Vyeti vyangu vyote baba ndiye anayevitunza, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku, chini ya nguo za misa. Nilimkuta anachambua maharage barazani. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza kila kitu, pamoja na lile la bombani ambalo sikuwahi kumwambia. Hakuacha kuchambua.

"Unataka kumpa cheti," akasema mwishowe.

"Cha la saba tu. Hakina picha. Ndicho anachohitaji aandikishwe."

"Na akishaandikishwa? Majina mawili yanayofanana, shule moja, mmoja mwalimu, mmoja mwanafunzi. Hao wenzako hawana macho?"

"Wanayo."

"Watakufukuza. Wanaweza kukufunga."

"Najua, baba."

Akaacha kuchambua, akasema jambo ambalo hajawahi kulisema tangu tulipotoka kwa hakimu. "Nilikukana mbele ya watu ili usome. Usifanye iwe nilikukana bure."

Nampenda baba kuliko mtu yeyote aliye hai na pale barazani nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja, na nikajua yeye pia ananionea hivyo hivyo. Niliingia ndani nikafungua sanduku mwenyewe. Hakunizuia. Nilipotoka alikuwa amenifungia maharage kwenye gazeti niende nayo.

Yule mwanamke alirudi Jumatano, kitenge kile kile. Safari hii nilimsalimia mimi kwanza, habari za nyumbani, kama watu wa rika moja wanavyosalimiana. Nilimwomba aingie darasani, tukakaa dawati moja. Nikaweka cheti mbele yake.

Alikisoma polepole. Alipofika kwenye jina alilifunika kwa kidole gumba, akalifunua tena.

"Umekipata wapi?"

Nikamwambia. Nilianzia ukuta wa kata na nikaishia bombani. Nilimwambia kwamba baba yake aliponiuliza kama mwalimu mkuu yupo nilisema hayupo, na kwamba alikuwepo. Sikulia; niliona kulia pale kungekuwa kumwomba anibembeleze. Alikuwa anatazama ubao mtupu. Nje wanafunzi wa bweni walikuwa wanapiga deki.

"Kwa hiyo nilifaulu?" akauliza.

"Ulifaulu. Ulikuwa wa tatu kwa wasichana."

"Hesabu?"

"Hesabu ulipata vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo alikuwa analijua. "Halafu?"

"Halafu ukaenda sekondari ya kata. Kiingereza kilikushinda mwaka mzima."

"Halafu?"

Nikaendelea. Sikujua namna nyingine ya kuongea. Nikamwambia alivyopigwa picha kidato cha nne, alivyokaa bweni mkoa wa mbali akilia kwa baridi, alivyopata daraja la pili, alivyoapiwa mbele ya hakimu, alivyosomea ualimu miaka mitatu. Kila nilipokoma aliuliza halafu, kwa sauti ile ile, bila kunisaidia wala kunizuia. Nilipofika kwenye mahafali alinikatiza.

"Jina la baba walilisoma?"

"Walilisoma. Kwenye kipaza sauti."

Ndipo alipolia. Alilia kidogo, akajifuta kwa pembe ya kitenge, akaivuta fomu upande wake na kuomba kalamu. Alijaza jina, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. Alipofika penye kiwango cha elimu alisimama.

"Niandike la saba," akauliza, "au niandike na hizo nyingine?"

Nilimtazama nione kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anamuuliza mwalimu.

"Andika la saba."

Akaandika. "Sawa. Hizo nyingine nitazisoma mwenyewe." Akasaini, akafunga kalamu, akaniuliza kipindi cha kwanza kesho ni cha nani. Nikamwambia ni changu.